Mgeni wa Deki Nyeusi

Sema wallahi kwanza. Kwa sauti, nisikie! Haya yasitoke mkekani hapa, maana wenyewe wako hai na wana masikio.

Miaka ile ya tisini, kupamba kokote Likoni, ile sherehe ya wanawake ya kumtazama bibi harusi, kamera ilikuwa ya Mwanasaumu. Wanawake wamevua mabuibui, nywele nje, viuno vyazunguka, nani ampe mwanamume kanda ile akaikopi dukani? Akamuone mama mkwe wake alivyo kwenye chakacha? Kwakwakwa! Wewe! Basi Mwanasaumu hukopi mwenyewe nyumbani, na kukopi kwataka deki mbili za video: moja icheze, moja irekodi. Naye alikuwa na moja tu, ya pili akiazima kila mara.

Alipomuoza Barke, bintiye wa pekee, wakwe wa Miritini wakataka kanda yao ya kupamba kwake kabla ya bibi harusi kupelekwa kwa mumewe. Mwanasaumu akaenda Changamwe kwa Ghalib fundi, achague deki yake mwenyewe.

Ghalib akamwekea mbili. Moja ya rangi ya fedha, nyepesi. Nyingine nyeusi, nzito kama kinu, na ikipata moto yanukia marashi.

"Chukua hii ya fedha, mama. Hiyo nyeusi picha yake safi, lakini kila aliyeichukua aliirudisha."

"Kwa nini?"

"Hawasemi."

"Hawajui deki hao! Tia kanda nione."

Ghalib akatia kanda mpya, haijarekodiwa kitu. Kioo cha TV cheusi tititi. Mara sauti ya mwanamke, taratibu, kutoka mle ndani: "Hodi wenyewe?"

Na Mwanasaumu, mtoto wa watu aliyefunzwa adabu, mdomo ukamtangulia: "Karibu! Karibu ndani, shoga!"

"Starehe," sauti ikajibu.

Ghalib akarudi nyuma mpaka ukutani. "Mama, kanda hii ni tupu."

"Tupu na ina adabu kuliko wewe!" Akacheka, akaibeba nyeusi.

Kopi ya kwanza ikatoka safi, wallahi kama kioo. Ila safu ya nyuma kabisa kuna mwanamke wa kanga nyeupe, kaipa kamera mgongo. Mwanasaumu akaicheza kanda ya asili, ile ya kamera. Hayuko. Akaitazama kopi. Yuko.

Akakopi tena. Sasa yuko safu ya katikati.

Siku hiyo Barke akausukuma mkate wa mofa. "Siutaki, mama. Mgeni keshakula."

"Mgeni gani?"

Barke akajifunika shuka, akageukia ukuta.

Mtu mwenye akili angekoma hapo. Lakini atawapelekea wakwe kanda gani? Mwanasaumu kutwa hakai, hasimami, afunga mapazia mchana kweupe, akopi, atazama, afuta, akopi tena akitaraji hii ndiyo itakuwa safi, na kila kopi mwanamke yule asogea, na kila akisogea Barke chumbani azidi kuwa baridi na mwepesi kama kanga iliyoanikwa, na marashi yameingia mpaka kwenye maji ya mtungi, na deki ikizimwa, hata waya ukitolewa ukutani, bado ndani yake kanda yasikika ikizunguka, kss, kss, kss, kama mtu aburuzaye kiatu sakafuni akija. Mpaka ikatoka kopi ambayo mwanamke amekaa kwenye kiti cha bibi harusi, mgongo vile vile, na Barke hayuko kabisa. Na papo hapo kutoka chumbani Barke akanong'ona:

"Mama, mwambie asogee. Nimekosa pa kukaa."

Mwanasaumu akatoka mbio bila viatu hadi Mtongwe kwa Mwalimu Badi, mjuzi wa mambo ya majini.

"Ulimkaribisha?" Mwalimu akauliza.

"Alipiga hodi, Mwalimu."

"Basi hafukuzwi. Aliyekaribishwa husindikizwa. Mpeni halua, mpeni kahawa, mshukuruni kwa kuja. Akishaaga, midomo ifungwe. Neno moja lisitoke!"

Wakafanya hivyo alasiri ile ile. Ubani, halua, kahawa mbele ya deki, mlango wazi. Bi Mwanaima, mamake Mwanasaumu, yuko jikoni akuna nazi, hakuambiwa lolote, wachelea presha yake.

Mwanasaumu akakisogeza kikombe. "Ahsante kwa kuja, shoga."

Deki haina waya. Ikasema, "Haya, kwaherini wenyewe."

Pazia likapanda, likashuka. Marashi yakapungua, yakapungua. Barke akakohoa chumbani, akaita, "Mama! Nina njaa!" Mwanasaumu akaziba mdomo kwa mikono miwili, machozi yamtiririka.

Na kutoka jikoni, kwa sauti ya mtu mwenye heshima zake:

"Kwaheri, mwanangu! Karibu tena!"

Mlangoni pakajibiwa, "Starehe."

Nani kanihadithia? Ni Bi Mwanaima mwenyewe, tena akinimiminia kahawa. "Mtu akuage unyamaze?" aniuliza. "Nimelelewa wapi mimi?" Nikacheka mpaka kanga ikanivuka. Kisha nikakionja kile kikombe. Kahawa, ndugu yangu, ilikuwa yanukia marashi.