Goti la Korongo

Kila jioni Elmina alipotoka shuleni, alipitia kwenye banda la babake kando ya barabara pale Kapsoit. Alifagia vipande vya vyuma, kisha akapasha chai kwenye jiko la makaa. Babake, Masese, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Watu walimjua kwa mageti na madirisha yake.

Mwaka huo wa 1996, hoteli mpya ilikuwa karibu kufunguliwa mjini Kericho. Meneja wake, Bi. Rebeccah, alimwomba Masese atengeneze sanamu ya chuma ya kuwekwa katika ukumbi wa wageni. "Nataka kitu cha huku kwetu," alisema. "Lakini niletee mchoro kwanza."

Masese hakujua kuchora. Jioni moja aliona karatasi ikichungulia kutoka katika daftari la Elmina. Ilikuwa na korongo mwenye taji, mabawa yamekunjuliwa, mguu mmoja juu kana kwamba anacheza.

"Umechora wewe?" aliuliza kwa furaha.

Mchoro ulikuwa wa Janeffer, rafiki yake wa darasa la sita, aliyempa kama zawadi. Lakini babake hakuwa amewahi kumtazama namna ile. Elmina akaitikia kwa kichwa.

Bi. Rebeccah aliupenda mchoro. Kuanzia siku hiyo Masese alimwambia kila mteja, "Mchoraji ni binti yangu." Kila aliposema hivyo, Elmina aliinama akajifanya kuokota misumari. Shuleni alihama dawati ili asikae karibu na Janeffer.

Masese alitengeneza taji kwa nyaya na mabawa kwa mabati ya mapipa. Alipofika miguuni alisita.

"Elmina, hebu njoo. Mbona goti hili limeelekea nyuma? Ndivyo lilivyo, ama ulikosea?"

Elmina hakuwa amewahi kumchunguza korongo. Alifikiria goti lake mwenyewe. "Nilikosea, Baba. Linaelekea mbele."

Masese aliukata mguu akaugeuza. Walipomsimamisha korongo, uzito wote ulielemea mbele. Akaanguka kwa kishindo. Taji lilipondeka, na ncha ya bawa ikamkata Masese mkononi.

Masese aliketi juu ya kasha akiitazama kazi yake ya siku nyingi. "Ni kosa langu," alisema polepole. "Mtoto wangu amechora vizuri, mimi nimeshindwa kuelewa."

Maneno hayo yalimchoma Elmina kuliko kofi.

"Baba, si mimi niliyechora," alisema, machozi yakimtoka. "Ni Janeffer."

Masese alijifunga kitambaa mkononi. "Na hilo goti?"

"Sikujua. Nilibahatisha tu."

Babake alikaza fundo la kitambaa. Kisha akasimama. "Tufunge banda. Twende kwao."

Walimkuta Janeffer akiwapa ndama maji, mama yake akiwa karibu. Elmina alieleza yote mbele yao, sauti ikimpotea kila mara. Janeffer hakumtazama.

"Kumbe ndiyo maana ulihama dawati," alisema. "Nilidhani mimi ndiye nimekukosea."

Masese alimwomba radhi, kisha akamwomba amsaidie kuelewa goti lile.

Asubuhi iliyofuata Janeffer aliwapeleka kwenye kinamasi chini ya mashamba ya chai. Makorongo wawili walikuwa wakitafuta chakula.

"Goti lenyewe liko juu, limefunikwa na manyoya," alimweleza Masese. "Hapo panapoelekea nyuma ni kifundo cha mguu. Na uzito wake unakaa juu ya vidole."

Masese aliirudia kazi. Safari hii korongo alisimama imara.

Siku ya kufungua hoteli, Masese alikwenda na wasichana wote wawili. Bi. Rebeccah alimshika Elmina mkono mbele ya wageni. "Huyu ndiye mchoraji wetu," alitangaza, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amemwambia ukweli. Masese alimtazama bintiye.

"Samahani, Mama," Elmina alisema, masikio yakimwaka moto. "Si mimi. Ni Janeffer, yule pale. Mimi nilidanganya."

Kisha Bi. Rebeccah akaenda kumpa Janeffer mkono, na watu wakapiga makofi. Elmina naye alipiga, macho yakiwa sakafuni, halafu akatoka nje. Masese alimfuata.

"Baba, bado naona aibu."

"Najua. Itakaa nawe kidogo," Masese alisema. "Ulipokubali sifa za Janeffer, ulimnyang'anya haki yake. Kisha nilipohitaji msaada, hukuwa na wa kunipa, kwa sababu kazi haikuwa yako. Ungeniambia tu, 'Sikuchora mimi,' upendo wangu kwako usingepungua. Leo umesema kweli mbele ya watu, na hiyo ni kazi yako mwenyewe. Sasa rudi ndani ukakae na mwenzako."

Elmina alipangusa uso, akarudi ndani.