Mzabibu wa Ukuta Uliopinda

Kila Jumamosi, akishaosha vyombo, Kasuku aliongozana na bibi yake kwenda kufagia kanisa. Jina hilo alimpa bibi mwenyewe, maana mtoto alikuwa na mdomo, jamani! Njiani aliwasalimu watu, mbwa wa watu na hata kuku wa watu.

Kanisa lilikuwa dogo, katikati ya mashamba ya zabibu, na ukuta wake mmoja ulipinda kama kiwiko. Kwenye kona hiyo ulisimama mzabibu mzee.

"Bibi, nisimulie tena."

"Hata huchoki? Haya. Kabla ya kanisa, watu walisali Misa kwenye kivuli cha mzabibu huu. Siku ya kujenga, fundi akaja na shoka aukate, ukuta wake unyooke. Mama yangu akaketi shinani, mimi nikiwa mgongoni, akasema hang'oki mtu. Fundi alibembeleza weee! Mwisho akapindisha kamba yake ya vipimo."

Siku hiyo magoti yalimsumbua bibi, akampa mjukuu mkasi wa kupogolea. "Kila tawi liachie macho mawili, pale panapochipuka. Usiharakishe." Kisha akaingia ndani kufuta mabenchi.

Wenzake walikuwa wanamwita wakacheze mpira. Kasuku akakata chapuchapu, akafyeka matawi yote mpaka shinani, akaweka mkasi dirishani, huyoo mbio!

Aliporudi, mbuzi alikuwa anatafuna yale matawi, na katekista anamfokea mwenye mbuzi, mzee mpiga kengele wa kanisa.

"Mbuzi wako kaumaliza mzabibu! Kesho auzwe, asionekane tena hapa!"

"Nitamfunga, mwalimu. Huyu ndiye mwenzangu nyumbani, sina mwingine."

Bibi alitoka, akashika kiuno. "Mjukuu wangu, uliacha macho mawili mawili?"

Kasuku alitikisa kichwa kukubali. Mdomo ule, leo kimya.

"Basi ni mbuzi, auzwe," katekista alisema, na mzee akakubali. Alichuchumaa, akaanza kufungua kikengele kidogo shingoni mwa mbuzi wake. "Hiki nitabaki nacho," alimwambia mbuzi taratibu. "Nikikitikisa nitadhani upo."

Roho ilimsuta Kasuku mpaka machozi yakamtoka.

"Babu, usikifungue! Si mbuzi, ni mimi. Nilikata yote ili niwahi mpira. Na nimemdanganya bibi."

Katekista alishusha pumzi. "Nisamehe, mzee wangu," alisema. "Nimemhukumu mbuzi bila kesi."

Bibi alisogea mzabibuni. Alipiga magoti yake mabovu, akapapasa shina huku na huku. Kasuku alichuchumaa kando yake.

"Leta mkono wako," bibi alisema hatimaye. Chini kabisa, kwenye gamba, kidole cha Kasuku kiligusa kitu kigumu, kidogo kama punje ya mtama. "Hilo ni jicho. Litachipua. Mwaka huu hatuvuni kitu hapa, na wewe ndiye utakayemwagilia."

"Nitamwagilia, bibi. Na mbuzi nitamletea majani."

Mzee alicheka, akafunga tena kikengele shingoni mwa mbuzi.

Bibi alimvuta mjukuu wake kifuani. "Sikia, mwanangu. Kukosea tunakosea sote. Ila ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajabebeshwa kosa lako. Mama yangu aliketi hapa asibanduke, na leo wewe, kwa kumtetea mbuzi wa mzee, umenikumbusha yeye." Akamfuta machozi kwa ncha ya kanga. "Mdomo wako huu unanichosha kila siku. Leo, nashukuru unao."