Marekebisho ya Runji

Jumatano, saa tisa alasiri.

Nyuma ya bucha ya Kiunga mjini Meru kulikuwa na chumba kisicho na dirisha. Mbele waliuza mbuzi. Nyuma walipanga kazi. Siku hiyo walikuwa wanne, na Kiunga alikuwa amechora ramani kwa kalamu juu ya karatasi ya kufungia nyama.

"Stoo ya Mbaabu," alisema. "Nje kidogo ya Githongo. Kahawa imejaa mpaka dari, imekaushwa, iko tayari. Jumapili kuna harambee ya paa la kanisa na Mbaabu ndiye mgeni wa heshima. Kijiji chote kitakuwa huko. Askari wake mmoja anaimba kwaya. Yule mwingine ni wetu."

"Lori iko," alisema Gachoki. Gachoki alikuwa dereva. Aliongea kidogo na kula sana.

"Imebaki king'ora."

Kwa miaka mingi neno king'ora likitajwa katika chumba hicho, watu walimgeukia Runji. Runji wa Kianjokoma, fundi wa kamera na ving'ora. Ndiye aliyefunga king'ora cha Mbaabu kwa mikono yake. Alikohoa, akajiweka sawa kitini.

Kiunga alimgeukia Kiende, msichana pekee chumbani.

"Profesa, hebu tuambie."

Runji aliweka kikombe chini. Chai ilikuwa imebadilika ladha.

Kiende alikuja dukani kwa Runji, Embu, akiwa mwanafunzi wa mazoezi, hajui kushika bisibisi. Runji ndiye aliyemwonyesha kerneli, ile programu ya chini kabisa ya mashine inayoamuru vyuma vyote. Kerneli hiyo haina mwenyewe. Ni ya wazi. Mtu yeyote duniani anaweza kuisoma na kuirekebisha. Ina mipangilio maelfu, na mpangilio usio na maelezo ni kama swichi ya ukutani ambayo hakuna ajuaye inawasha nini. Kiende alijitolea kuandika maelezo hayo, sehemu moja baada ya nyingine, bila malipo. Sasa wataalamu wa ng'ambo walisoma kurasa zake. Chini ya kila ukurasa palikuwa na jina lake. Walikuwa wamemwalika kwenda kuwahutubia huko Ulaya, na alichokosa ni nauli tu. Hicho ndicho kilichomleta nyuma ya bucha.

Runji alikuwa amesoma kurasa zote. Alizisoma akitafuta makosa.

"Kisanduku cha king'ora cha Mbaabu kinatumia hiyo kerneli," alisema Kiende. "Ukizima king'ora kwa amri, kinamtumia Mbaabu ujumbe. Ukikata stima, betri inashika, na ujumbe unaenda. Lakini kerneli ikishikwa na kiwewe, inakufa hapo hapo. Haiongei na mtu. Kuna mpangilio wa kusema ikae imekufa kwa muda gani ndio ijiamshe. Ya Mbaabu ni sufuri."

"Sufuri ni nini?" aliuliza Gachoki.

"Isiamke kabisa. Mpaka mtu aje aiwashe na mkono."

Kiunga alipiga meza. "Mnasikia hiyo kichwa? Mnasikia?"

"Itaamka," alisema Runji.

Wote walimtazama. Hatimaye.

"Nimejaribu dukani na kisanduku kama hicho. Inakufa vizuri. Baada ya dakika moja inaamka na kupiga kelele. Kuna mbwa ndani."

"Mbwa gani tena?" aliuliza Kiunga.

"Kichipu. Mafundi wanakiita mbwa mlinzi. Kerneli inampapasa kila wakati. Ikiacha, mbwa anajua mwenyewe amekufa, anaiwasha mashine upya."

"Lakini huyo mbwa unaweza kumuaga," alisema Kiende. "Unamwandikia herufi moja ya kwaheri, analala. Nilieleza."

"Ulieleza vibaya." Runji alizungumza taratibu, kama mtu anayekata nyama nzuri. "Kuna mpangilio mwingine. Unaitwa hakuna kutoka. Ukiwa umewashwa, mbwa akishaamka halali tena, hata umuage kwa maombi na kufunga. Kwa visanduku hivi umewashwa kutoka kiwandani. Lazima uuzime kwanza, uwashe mashine upya, ndio kwaheri yako ishike. Ukurasa wako hausemi hivyo."

Kimya kilitanda. Runji alikionja. Kwa muda mrefu hakuwa amepata kitu kitamu kama hicho.

Kisha Kiende akatabasamu. Hakuwa na aibu hata kidogo.

"Ni kweli, Mwalimu. Hapo nilipotea. Asante sana. Nitaongeza kwa ukurasa wangu."

"Mnaona?" Kiunga alicheka. "Huyo ni Profesa! Hata makosa yake anajua kuyatengeneza."

Gachoki alicheka pia. Runji alitazama karatasi ya nyama. Damu kidogo ilikuwa imelowesha pembe moja, ikaanza kupanda kuelekea Githongo.

Ijumaa, saa sita mchana.

Alikwenda stoo akiwa amevaa koti lake la kazi, lenye jina la duka mgongoni. Askari alimfungulia bila swali; fundi huja kukagua. Alizima ule mpangilio. Aliwasha mashine upya. Alimuaga mbwa kwa herufi moja, na mbwa akalala. Akamwamsha tena ili asishtukiwe, lakini ule mpangilio akauacha umezimwa.

Alikuwa sahihi. Na hakuna aliyekuwepo kuona.

Kabla ya kuondoka alinakili taarifa za mashine ilipokuwa ikiwaka, mstari kwa mstari. Alijiambia ni za kumbukumbu.

Ijumaa, saa kumi na moja jioni.

Katika dunia ya kerneli marekebisho hupelekwa mbele ya watu wote. Hakuna siri. Kuna masharti mawili. Uonyeshe ushahidi kwamba ulijaribu, na uweke sahihi kwa jina lako la kweli. Jina la mtaani halipokelewi.

Runji aliandika mistari sita. Aliifuta, akaiandika tena. Alisema ukurasa wa Kiende umeacha jambo kubwa, na akaeleza jambo lenyewe. Chini akaweka ushahidi kama alivyounakili. Kisha jina: Antony Runji.

Alikaa akiitazama. Ni nani Githongo anayesoma barua za kerneli? Huko watu husoma bei ya kahawa na matangazo ya mazishi.

Angengoja mpaka Jumatatu, kazi ikiisha. Lakini Jumatatu Kiende angekuwa ameshaiandika. Ingekuwa yake, kama zile nyingine.

Akatuma.

Jumamosi Kiunga alikusanya simu zote kwenye karai, kama kawaida yake kabla ya kazi. Kompyuta moja tu ilibaki na mtandao, ile ya Runji, kwa sababu ya king'ora.

Jumapili, saa tano kasoro dakika kumi, asubuhi.

Lori lilisimama nyuma ya stoo. Ng'ambo ya bonde, kanisani, vipaza sauti viliita watu wa ukoo mmoja baada ya mwingine walete mchango. Kila jina lilifuatwa na vigelegele. Mashamba ya kahawa katikati yalikuwa matupu.

Kiunga na Gachoki walikuwa mlangoni na mashine ya kukata kufuli. Kipima mtetemo cha king'ora kilikuwa juu ya vichwa vyao. Wangegusa tu chuma kabla kerneli haijafa, Mbaabu angepigiwa.

Runji na Kiende walikaa juu ya magunia matupu chini ya ukingo wa paa, mahali ambapo mtandao ulishika.

"Fundi!" Kiunga aliita kwa sauti ya chini. "Tunangoja wewe tu."

"Naingia."

Aliifungua kompyuta. Kabla ya kuingia katika mashine ya Mbaabu, alifungua barua. Alijiambia ni kwa dakika moja tu.

Jibu lilikuwa limefika tangu jana.

Marekebisho yamekubaliwa. Na chini yake mtu mwingine alikuwa ameandika: Nimejaribu kwenye mashine yangu. Ni kweli kabisa. Kazi safi. Karambu.

Karambu. Jina la nusu ya wanawake wa Meru. Runji hakuuliza huyu ni yupi. Kitu kilipanda kifuani mwake, joto, kama alipooa.

"Fundi!"

Aliingia katika mashine. Aliandika herufi ya kwaheri kwa mbwa. Kerneli ilimjibu kwa mstari mmoja, lakini mstari huo hakuusoma. Akili yake ilikuwa bado kwenye barua. Aliandika amri ya kiwewe, akabonyeza.

Taa ya kijani juu ya mlango ilizimika.

"Imekufa," alisema. "Kateni."

Cheche ziliruka. Kufuli la kwanza lilianguka. Hakuna king'ora. Ng'ambo vigelegele vilizidi. Kiunga aligeuka akainua dole gumba. Alimwinulia Kiende.

Runji aliona. Aliivuta kompyuta na kuisukuma mapajani mwa msichana.

"Soma."

"Sasa hivi?"

"Nimesema soma."

Kiende alisoma. Mwanzoni alitabasamu. "Mwalimu! Umetuma mwenyewe. Ni nzuri. Fupi, inaeleweka." Aliteremka chini. Tabasamu likamwisha.

"Runji. Huu ushahidi umeutoa wapi?"

"Kwa mashine."

"Mashine gani? Jina la mashine umeliacha ndani." Aligonga kioo kwa kidole. "Stoo, Mbaabu, Githongo. Iko hapa, mstari wa pili. Dunia nzima imeona. Na huyu Karambu anayesema mashine yangu... Runji, mke wa mtoto wa Mbaabu ni mwalimu wa kompyuta. Anaitwa nani?"

"Karambu," alisema Runji. Alimfahamu. Siku ya kufunga king'ora mama huyo ndiye aliyemletea chai.

"Amerudisha ule mpangilio wa hakuna kutoka," alisema Kiende. "Mbwa hakulala."

Alisimama. "Kiunga! Acha! Acha hiyo!"

Taa juu ya mlango iliwaka kijani.

King'ora kililia mpaka ndege wakatoka kwenye miti ya migravilea. Ng'ambo ya bonde vipaza sauti vilinyamaza katikati ya jina la mtu. Kisha wanaume wakaanza kumiminika kutoka kanisani, suti na tai, wakikata moja kwa moja kupitia kahawa. Kutoka barabarani zilisikika pikipiki, nyingi, na mbele yao gari la polisi. Polisi hawakutoka kituoni. Walikuwa wamengoja nyuma ya zahanati.

Gachoki aliwasha lori bila kungoja mtu. Kiunga alirukia ubavu, akashika chuma. Kwenye kona ya kwanza lori lilikwenda mtaroni likalala. Kiunga alitupwa mbele, juu ya mawe. Alipoinuliwa, mguu wake haukufuata.

Kiende hakukimbia. Alibaki na kompyuta mikononi. Runji naye alibaki kando yake.

Jumapili, saa tano na nusu.

Uwanja wa stoo ulijaa watu. Koplo mmoja alimshika Kiende mkono. Alimtazama Runji na koti lake la kazi.

"Huyu ni nani?"

"Huyo ni fundi wetu," alisema mwanamke aliyevaa gauni la kanisa. Alikuwa Karambu. Macho yake yalikuwa makali, lakini hayakuwa na uhakika. "Ndiye alifunga hii king'ora. Lakini afande, jina la ile barua ni lake pia. Ndiyo maana niliwaita jana. Nilipoona jina la stoo yetu ndani yake, nilijua kuna mtu anataka kuua mashine. Sikujua kama ni yeye."

"Fundi, eleza," alisema koplo.

"Yeye hajui kitu," alisema Kiende.

Sauti yake ilikuwa tulivu. Alimtazama Runji mara moja tu, kisha akamtazama koplo.

"Ile barua niliandika mimi. Nilitumia jina lake. Yeye alinifundisha kazi zamani, nilikuwa na namba zake za siri. Leo nilimwambia mashine imeharibika, ndio akakuja kuangalia. Kompyuta mmenikuta nayo mimi."

Koplo alifikiri. Kompyuta ilikuwa kweli mikononi mwake. Kiunga alikuwa chini, ameuma meno, hasemi.

"Wewe ni nani?" aliuliza Karambu.

"Kiende."

"Kiende yule wa kurasa za kerneli?" Uso wa Karambu ulibadilika. Kwa muda alisahau king'ora, polisi na kahawa ya baba mkwe wake. "Ninafundisha na kurasa zako! Watoto wangu shuleni wanakujua. Mungu wangu, dada. Kwa nini?"

Kiende aliinamisha kichwa.

"Fundi, enda nyumbani," alisema koplo. "Kesho uje uandike maelezo."

Watu walimpisha. Lango lilikuwa wazi. Nje palikuwa na barabara, na barabara ilikwenda Meru, na kutoka Meru hadi Embu na Kianjokoma, kwa mke wake na duka lake. Alitembea. Hakuna aliyemshika.

Nyuma yake Karambu alikuwa bado anaongea, nusu akilia.

"Nilipoona ile marekebisho nilijua si mtu hivi hivi. Mistari sita tu, na shimo lote limezibwa. Sijawahi kuona kazi safi kama hiyo kutoka hapa kwetu."

"Asante," alisema Kiende.

Runji alisimama langoni.

Alijua alichopewa. Alijua ni nani aliyempa, na kwa bei gani. Mguu mmoja ulikuwa tayari nje. Aliuambia mwingine ufuate, nao haukufuata.

Aligeuka.

"Usimshukuru yeye," alisema.

"Mwalimu, nenda," alisema Kiende. "Tafadhali. Nenda nyumbani."

"Anadanganya!" Runji alirudi uwanjani, akipasua watu kwa mabega, mpaka akasimama mbele ya Karambu. "Yeye ndiye aliyekosea. Ukurasa wake ulikosea, mimi nikaona. Mimi peke yangu. Hiyo kazi ni yangu. Nilijaribu hapa, Ijumaa, saa sita, muulize huyo askari wenu. Nilizima mpangilio wa hakuna kutoka, nikaiwasha upya..."

"Unakubali?" aliuliza koplo.

"Kila mstari."

Kiende alifumba macho. Koplo alitoa pingu, akamshika Runji mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Runji hakumtazama. Katika maelezo yake alikuwa amefika kwenye habari za mbwa, na alimwomba koplo angoje kidogo, amalize kumweleza huyu mama.