Uvimbe Aliofichwa Mkwe

Lori la kijiji lilikuwa limeshatoka Kisanga, limejaa pamba, na Yunis na mama yake wamekaa juu ya magunia. Msimu wa pamba ndivyo ilivyokuwa: mazao ya shamba la ujamaa yakienda Kilosa, mwenye safari naye hupanda. Mama huyo, Marselina, alikuwa ameaga kwamba anakwenda Mabwerebwere kumsalimu dada yake. Jirani yao Selestina alikuwa amemtania kutoka chini, "Mama wa mjini, usirudi bila sukari."

Yunis alikuwa na miaka kumi na miwili, naye alijua safari haiishii hapo. Kesho yake wangekwenda Mamboya, kwa mganga wa kienyeji anayechanja uvimbe kwa wembe na kupaka dawa. Mama alikuwa na uvimbe kwenye titi la kushoto. Wakati wa kupanda ulikuwa kama njugu, sasa ulikuwa kama yai la njiwa. Haukumuuma, basi akaendelea kulima kama kawaida. Yunis aliuona siku alipomsugua mgongo, akakatazwa kusema.

Kijijini zahanati ilikuwepo, na tabibu wake, Filipo, alikuwa hodari. Lakini Filipo alikuwa mume wa Domina, dada yake Yunis. Kwa desturi yao mkwe na mama mkwe hupishana njiani, na hata salamu hupeana wakitazama pembeni. Titi atamwonyeshaje?

Walipofika Mabwerebwere, Yunis alimwamkia mama yake mkubwa, Paulina, akamsaidia kuosha vyombo. Alisugua sufuria moja mpaka Paulina akamuuliza kama anataka kuitoboa. Ndipo akasema.

"Mama mkubwa, mama ana uvimbe kwenye titi. Ameniambia ninyamaze, lakini mimi naogopa atakufa."

Mama alimkasirikia sana. Paulina akamjibu mdogo wake kwamba hasira atazimalizia hospitalini Kilosa, na asubuhi akampeleka yeye mwenyewe, Yunis akifuatana nao.

Muuguzi, Bibi Raheli, alimpima, kisha akauliza kwa nini amechelewa hivyo.

"Tabibu wetu ni mkwe wangu," alisema Mama. "Nimvulie nguo mkwe?"

Bibi Raheli hakucheka. "Heshima yako ni nzuri, mama. Lakini hukuhitaji kuvua. Ungemtuma Domina amwambie mumewe kwamba una uvimbe, naye angekuleta kwetu siku hiyo hiyo."

 Hilo Mama hakuwa amelifikiria.

Paulina akaeleza jinsi Yunis alivyoitoa siri, na Bibi Raheli akamgeukia mtoto. "Mwanangu, si kila uvimbe wa titi ni saratani. Lakini usiouma ndio unaotudanganya, tunangoja maumivu, na maumivu yanakuja tumeshachelewa. Siri ya namna hii haitunzwi. Mwambie mtu mzima anayeweza kusaidia, hata kama umekatazwa. Umefanya vizuri."

Ilikuwa saratani. Mama Marselina alipelekwa Dar es Salaam, akakatwa titi, akarudi Kisanga na kulima miaka mingi. Filipo aliomba zahanati iletewe muuguzi mwanamke, na baada ya mwaka akaletwa. Selestina naye alikuwa akificha uvimbe wake. Aliusema umeshapasuka, akafariki kabla ya mavuno. Paulina alibaki Mabwerebwere akiuza vitumbua. Yunis alimaliza darasa la saba, akaolewa Mikumi, na ana mabinti watatu. Wote ameshawaambia kwamba uvimbe haufichwi.