Shemeji Aliirudisha Baiskeli Imeoshwa

Wasomaji wenzangu, nina miaka ishirini na saba, ni mke wa mtu, naishi Majengo hapa Mpanda. Nilikuwa mama. Hadi leo mtu akiniita Mama Agnesi naitika, lakini moyo unakatika...

Niwaambie mapema, mimi si mwanamke wa kunyamaza. Sokoni wananijua. Siku niliyonyamaza ndiyo hiyo ninayowasimulia.

Wakati huo tulikuwa tunaishi Magamba, muda mfupi baada ya watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Mume wangu Yohana alikuwa na baiskeli ya Mwingereza, nzito na imara. Kaka yake, Dominiki, alikuwa na ya Kichina. Nayo ilikuwa nzuri tu, ila kaitumia ovyo mpaka gurudumu la nyuma likachoka.

Binti yetu Agnesi alikuwa na miaka mitatu, na degedege lilikuwa limeshawahi kumshika. Muuguzi alituonya kwamba likirudi tusingoje chochote, tumkimbize hospitali ya mjini. Basi baiskeli ile ndiyo ilikuwa uhai wa mwanangu. Kila mtu pale nyumbani alilijua hilo. Dominiki pia alilijua...

Jumamosi moja akaja kuiazima, akidai anakwenda mjini kusali misa. Jumatatu akairudisha imeoshwa, inang'aa. Dominiki, mtu asiyeosha hata sahani aliyolia, aoshe baiskeli ya watu?

Yohana alipoizungusha uani nikasikia mlio kwa nyuma. Ka... ka... Cheni ilikuwa inaruka kwenye meno. Nikamwambia aipindue tuangalie gurudumu. Mama mkwe akanigeukia hapo hapo, akasema kwao mdogo hakagui kitu kilichorudishwa na kaka yake, huko ni kumwita mwizi.

"Mama Agnesi, hapa hatukaguani kama askari wa magendo," akasema.

Yohana akainamisha kichwa. Ndiyo desturi yao, na mimi nilikuwa mkwe tu. Nikafunga mdomo.

Kila alipoipanda, mlio ulizidi. Yohana alikuwa anapaka cheni mafuta na kujifanya hasikii. Mimi nilikuwa nausikia hata nikiwa shambani, baiskeli iko nyumbani imeegemezwa ukutani. Nilijua kuna jambo linakuja. Kwa nini sikuipindua mwenyewe?

Alhamisi mchana Agnesi akachemka mwili, macho yakageuka... Nikamfunga mgongoni, nikakaa kwenye keria, Yohana akakanyaga kwa nguvu zake zote. Tulishuka korongo salama. Tulipoanza kupanda upande wa pili, gurudumu likaenda upande, cheni ikachomoka ikajibana, tukaanguka wote.

Yohana akairudisha cheni. Ikachomoka tena. Akairudisha, vidole vinatoka damu, gurudumu likagoma kabisa kuzunguka. Gari hakuna, mtu hakuna. Tukaitupa majanini tukakimbia kwa miguu, yeye kambeba mtoto, mimi nyuma yake kandambili mkononi. Karibu na Misunkumilo nikaona mkono wa mwanangu umelegea unaning'inia. Nilijua. Yohana hakutaka kujua, aliendelea kukimbia mpaka mlangoni pa hospitali.

Baada ya matanga tulilipeleka gurudumu kwa fundi. Akalifungua mbele yetu, akauliza nani kafanya mchezo huu. Ekseli, kile chuma cha katikati ya gurudumu, haikuwa yetu. Ilikuwa nyembamba, imeshindiliwa vipande vya bati la kopo ili isicheze. Na ile spoketi ndogo ya nyuma nayo ilikuwa ngeni, meno yake hayapatani na cheni yetu.

Vya kwetu tulivikuta kwenye baiskeli ya Dominiki. Spoketi ilikuwa na alama ya msumeno aliyoiweka Yohana mwenyewe. Shemeji alikuwa amekwangua fremu yake kwa tupa mpaka ekseli yetu ikaingia. Alikuwa anakwenda kuposa huko Mpimbwe, njia ndefu, akaogopa baiskeli isije kumwaibisha ukweni.

Mnajua alinijibu nini? Kwamba alikuwa na nia ya kuvirudisha baada ya harusi. Na huyu ndiye aliyelia kuliko watu wote makaburini!

Angesema neno moja tu, tungeazima baiskeli ya jirani. Hakusema. Na sisi hatukuuliza, kwa heshima.

Tulihama Magamba. Yohana hamsemeshi kaka yake, na kuna siku hanisemeshi hata mimi. Namwelewa.

Nawaomba nyie wenzangu, ndugu akikurudishia baiskeli, ipindue mbele yake. Shika gurudumu ulitikise, angalia ekseli, angalia meno ya spoketi yanavyokaa kwenye cheni. Akinuna, anune. Dominiki angeninunia wiki moja, kisha angekuja kula ugali kwangu kama kawaida, na Agnesi angemnawisha mikono.