Vidole Vyeupe Mgongoni

Kila asubuhi mke wa muuza maji hufagia ua huku punda wao mweusi tii akila. Siku moja mumewe alitoa gunia lililofunika mgongo wa punda. Ufagio ukamponyoka mke.

Mgongoni palikuwa na mistari minne myeupe pe, kama vidole.

Mama mkwe akatoka, akaweka kiganja pale pale, kama kawaida yake. Vidole vyake vikalala barabara juu ya mistari. Punda akatetemeka.

"Mwanangu, mbona unanitazama hivyo?"

Mke akarudi nyuma. Mwili ulimsisimka.

"Mama aondoke," alimnong'oneza mumewe baadaye. "Leo punda. Kesho atamshika mtoto."

Mume alinywea. Upande wa pili wa ukuta, mama mkwe alisikia kila neno. Akaanza kufunga virago vyake kimyakimya.

Kabla mama mkwe hajatoka, daktari wa mifugo alipita kuchanja. Alimpapasa punda, kisha akaligeuza tandiko la mbao la kubebea maji. Chini yake palikuwa na vijiti vinne. Akalilaza mgongoni. Kila kijiti kikakaa juu ya mstari wake.

"Hapa palikuwa na vidonda?"

"Vilipona," mume alisema, macho chini. "Nilivifunika kwa gunia."

"Kwenye shina la kila unywele kuna seli za rangi," daktari alieleza. "Ni chembe ndogo mno, hazionekani kwa macho. Unywele ukiota, zenyewe ndizo zinazoutia rangi. Tandiko likichubua ngozi kila siku, seli hizo hufa. Kidonda kikipona, unywele huota tena, lakini wa kuutia rangi hayupo."

"Na mama je?" mke aliuliza. "Kila siku anamshika hapo!"

"Namkanda," mama mkwe alisema. "Ndipo panapomuuma."

Mke aliona aibu. Akapiga magoti, akafungua virago kwa mikono yake mwenyewe. "Nisamehe, mama."

"Lete sindano," mama mkwe alijibu.

Wakakunja blanketi kuukuu, wakashona mto mnene wa kuweka chini ya tandiko. Punda akapumzishwa mpaka maumivu yakaisha. Vidonda havikurudi, wala hatetemeki tena akiguswa.

Ile mistari haikufutika. Giza likiingia, punda haonekani. Vidole vinne tu ndivyo vinavyotembea uani. Mke bado husisimka.

"Mama," huita, "nishikie mtoto." Kisha huenda kumpapasa punda mgongo.