Kidani Kilichonasa Hariri

Bi. Hester Wragge, mwenye karakana, alikipumulia kidani, na ukungu ukaganda juu ya jiwe la kati. Kwenye almasi ukungu huyeyuka papo hapo; kwenye kioo hukawia. Ilikuwa saa nane mchana, Birmingham, mwaka 1908, na mwenye kidani angekifuata jioni ileile.

Alifunga mlango, akautia ufunguo kifuani. Katika karakana za sonara mjini humo, jiwe likipotea hatoki mtu hadi lionekane.

Alianza kumpekua Keziah Tonks, msuguaji, akamvua nguo hadi soksi na kumfumua nywele. Kisha Bw. Yardley, mchoraji. Mwisho Mzee Purslow, aliyepachika almasi zote. Hakupata kitu.

Kufikia saa kumi na moja taa za gesi zilikuwa zimekula hewa yote, na blauzi ya Keziah imelowa maziwa.

"Mama, mwanangu hajanyonya tangu asubuhi. Nifungulie, narudi sasa hivi."

"Ukitoka wewe, jiwe nalo limetoka."

"Anayelilia mlango ana lake jambo," alisema Purslow.

"Mzee, koma!" Keziah alimgeukia. "Mbona humwambii huyu wa suti? Sanduku la kidani lilikuwa mezani kwake."

"Mimi?" Yardley alijifuta jasho. "Hata koleo sijui inashikwaje!"

Hilo lilikuwa kweli, na wote walilijua. Bi. Wragge alikirudia kidani. Platinamu ilikuwa imekatwa kwa msumeno mwembamba hadi ikafanana na lesi, kingo zake zimezungushiwa vitone vidogo kama chembe za chumvi. Alikifuta kwa leso ya hariri. Leso iliteleza vizuri kote, ila ilipofika jiwe la kati ilinasa. Akaijaribu tena, ikanasa palepale.

"Keziah, ulipitisha uzi wa kusugulia hapa katikati?"

"Kila tundu. Saa nne nikamkabidhi Mzee akikague."

"Basi vitone hivi vimepigwa baada yako. Bado vina makali." Alimgeukia Purslow. "Yardley hawezi kazi hii. Wewe ulitoa jiwe, ukapachika kioo, ukavirudishia vitone. Kusugua ndiko kulikokushinda, maana ungeonekana kwenye benchi la wanawake wasuguaji tungekucheka."

Purslow aligeukia benchi lake. Kisha akachukua kishikio chake cha mbao cha kupachikia mawe, akaligonga donge la lakiri lililokuwa kwenye ncha yake. Lilipasuka, almasi ikadondoka mezani.

"Sikuyaona hayo makali," alisema. "Macho yamekwisha, Hester. Tangu Krismasi napachika kwa kupapasa. Ungegundua ungenifukuza, nami sina pengine pa kwenda. Jiwe hilo lingenilisha."

"Na mimi ningefungwa?" Keziah aliuliza.

"Ningenyamaza tu, mwanangu."

Bi. Wragge alifungua mlango. Aliona aibu, lakini alichojua kusema ni kazi tu.

"Nenda kanyonyeshe. Kisha urudi uvisugue hivi vitone."

Keziah alivua aproni, akaiweka juu ya kidani.

"Miaka tisa unaijua mikono yangu, na aliyevuliwa nguo wa kwanza ni mimi. Visugue mwenyewe."

Akashuka ngazi mbio, wala hakuufunga mlango.